Mara Ishirini: za Kwenda, au za Kwenda na Kurudi?

Kaeni vizuri, wajukuu, niwasimulie kisa cha swali lililomtoa jasho binti mmoja wa hapa Mtanda.

Alikuwa kidato cha tatu. Jioni moja alimkuta babu yake barazani akitengeneza mishipi ya kuvulia. Akamwamkia, akaitikiwa marahaba, kisha akamsomea swali la fizikia. Lilikuwa la Kiingereza, kama yalivyo maswali ya sekondari, naye akalifasiri hivi: "Jiwe limening'inizwa kwa uzi. Linapembea mara 20 kwa sekunde 40. Tafuta urefu wa uzi."

"Mimi nimepata mita 1, babu. Mwenzangu kapata mita 4. Tumerudia hesabu, hakuna aliyekosea."

Babu hakuijua kanuni ya pendulamu, yaani kitu kinachopembea kwa uzi, lakini habari za kuvuka alizijua. Akanyoosha kidole ghubani. "Kivuko kile cha kwenda Kitunda, nikikwambia leo kimevuka mara 20, kimekwenda na kurudi mara ngapi?"

"Mara 10."

"Na nikisema kimefanya safari 20 za kwenda na kurudi?"

"Kimevuka mara 40." Binti akanyamaza, halafu akacheka. "Kumbe ubishi wetu si wa hesabu, ni wa neno!"

Ndivyo hasa. Ukihesabu kwenda na kurudi kuwa mara moja, unagawa 40 kwa 20, na kipindi cha pendulamu, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, kinakuwa sekunde 2. Ukihesabu kila upande peke yake, sekunde 2 ni za kwenda tu. Ongeza 2 za kurudi, kipindi kinakuwa sekunde 4. Sasa, urefu wa uzi hufuata mraba wa kipindi: kipindi kikiwa mara mbili, uzi unakuwa mara nne. Ndiyo maana mmoja alipata mita 1 na mwingine 4.

Babu akachukua mshipi, akaufunga chubwi la risasi, akautundika kwenye boriti. Wakapima karibu mita 1 kutoka kwenye fundo hadi katikati ya chubwi. Binti akalivuta kidogo tu, upana wa kiganja, kwa kuwa kanuni ile ni ya mpembeo mdogo. Akaliachia akisema "sifuri", kwani angeanza na "moja" angepunjwa mpembeo mmoja. Lilipomrudia mkononi, ndipo akasema "moja". Alipofika 20, saa ya simu ilisoma sekunde 40.

Je, ubishi umekwisha? Bado. Mshipi wa mita 4 uliotundikwa mnazini nao ungevuka upande hadi upande mara 20 kwa sekunde zilezile 40. Chubwi haliwezi kutuambia mtunga swali alikusudia nini. Kwa hilo tunauliza desturi ya fani: katika fizikia, mpembeo mmoja kamili ni kuondoka mahali, kufika ng'ambo na kurudi palepale. Tena tazama mazingira ya swali: nani ataning'iniza uzi wa mita 4 juu ya meza ya maabara? Kwa hiyo mita 1 ndilo jibu linaloelekea zaidi.

Lakini msimcheke yule wa mita 4. Christiaan Huygens wa Uholanzi alibuni saa ya pendulamu mwaka 1656, na baadaye mafundi saa wakawa na pendulamu waliyoiita ya sekunde, yenye urefu wa karibu sentimita 99. Hiyo hutumia sekunde 1 kwenda na sekunde 1 kurudi. Wao walihesabu kila upande peke yake.

Binti aliandikaje, basi? Kabla ya hesabu aliweka mstari mmoja: "Nimechukua mara moja kuwa ni kwenda na kurudi." Msahihishaji akiusoma, ataijua njia aliyopita.

Nanyi mkishuka ufukweni, angalieni maji. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni takriban saa 12 na dakika 25. Kutoka kujaa hadi kupwa ni karibu nusu ya hapo. Mtu akiwauliza bahari huchukua muda gani, msikimbilie kujibu. Muulizeni kwanza: kutoka wapi hadi wapi?