Ndege yako inazima angani? Jaribu tangi la mpira

Umepindua ndege yako ya modeli, injini ikakohoa, ikazima! Mara nyingi ni mafuta hayafiki. Wanaopambanisha ndege za kuongozwa kwa waya hutumia tangi la mpira: kipande cha mrija wa lateksi, ncha moja imefungwa kabisa. Mpira ukivimba husukuma mafuta hata ndege ikilala chali.

Kwanza, vaa miwani. Mpira unaweza kupasuka. Fyonza hewa yote kwa bomba la sindano, kisha jaza polepole. Bana mrija kabla ya kuchomoa bomba, la sivyo utaoga methanoli. Ukiachilia kibano mapema, injini itafurika. Na chunga moto, msee: mwali wa methanoli hauonekani vizuri mchana.