Tiba shufaa (2): Maumivu yaulizwe, mofini isiogopwe

Wiki iliyopita tulieleza kwamba tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, haingoji awe mahututi. Huanza siku ugonjwa usioponyeka unapogunduliwa. Leo tutazame jambo ambalo daktari wa kituo cha afya, awe Miembeni mjini Bukoba au kijijini Muleba, hana budi kulimudu kuliko yote: maumivu.

Mkoa wetu wa Kagera unayajua. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika, wengi waliuguzwa na mama na dada zao mpaka mwisho, bila dawa ya maana ya maumivu. Sasa saratani inawarudisha wengine nyumbani kutoka hospitali za Bugando au Ocean Road, na daktari wao ni yule wa jirani.

Basi aulize. Mzee aliyelelewa kuvumilia, ukimwamkia atasema hajambo hata kama hakupata lepe la usingizi. Mwombe aonyeshe kwa mkono: ngumi, hakuna maumivu, vidole vitano, yamemshinda. Mwulize pia yanaanzia wapi na yanamwamsha saa ngapi.

Panadoli ikishindwa, ipo mofini ya kunywa. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, unga wa mofini ukachanganywa na maji ili mgonjwa ainywe kwake. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hii kuiandika. Mtu mzima asiyewahi kuitumia huanza na miligramu 2.5 hadi 5 kila saa nne, ya kulalia ikiwa maradufu. Inywewe kwa saa, isingoje maumivu yarudi. Mwenye figo dhaifu apewe kidogo zaidi na kwa nafasi ndefu. Dawa ya kulainisha choo iandikwe siku hiyohiyo, maana mofini hufunga choo kila siku inayotumika.

Hofu ya uraibu imewanyima wengi nafuu, nami naiona ni dhuluma. Mgonjwa wa saratani anayeomba dozi zaidi mara nyingi anaumwa zaidi. Apimwe upya, aongezewe.

Kidonda kinachonuka? Saga vidonge vya metronidazo, nyunyiza unga wake juu ya kidonda kilichosafishwa. Ratiba ya dawa mwandikie anayemuuguza, kwa saa za Kiswahili, na umwonyeshe kipimo kwenye bomba la sindano lisilo na sindano.

Wiki ijayo: kumweleza mgonjwa ukweli wakati ndugu wanataka afichwe.