Safari za familia kwenda pwani: Faida iko wapi kwa mfanyabiashara wa Mbeya na Iringa?

KILA shule zinapofungwa mwezi Juni, baridi ya Nyanda za Juu Kusini huwa imefika kwenye mifupa, na wazazi wa Mbeya, Mafinga, Makambako na Iringa huanza kuulizana swali moja: watoto watauona lini bahari? Zamani jibu lilikuwa kumpeleka mtoto kwa shangazi yake Temeke akalale sebuleni. Siku hizi familia tatu au nne, mara nyingi majirani, wafanyakazi wa ofisi moja au waumini wa usharika mmoja, hukodi Coaster, hubeba mchele wao na kuondoka kwa msafara.

Safari hizi zimezaa soko, na mahali penye soko hakukosekani mwenye kutaka kukopa ili anunue gari, au kuuza shamba la miti ili anunue kiwanja karibu na ufukwe. Kabla msomaji hajatia saini popote, ukurasa huu unaeleza soko hilo linavyokwenda na linavyoweza kumla mtu.

UMBALI NDIO BEI

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ya TANZAM ni kilomita zipatazo 830. Iringa ni kilomita zipatazo 500. Tofauti hiyo ya kilomita 330 ndiyo inayomtenga mteja wa Mbeya na mteja wa Iringa. Wa Iringa akiondoka alfajiri hufika jioni watoto wakiwa bado wana nguvu za kuuliza maswali. Wa Mbeya hutumia saa 12 au zaidi, na watoto wadogo hawana subira ya kiasi hicho.

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, baada ya zuio la miaka mingi. Wapo wazazi wanaopenda safari ya usiku kwa sababu watoto hulala. Wenye hofu ya mteremko wa Kitonga na wanyama wa Mikumi hutaka kupita huko mchana, na hao ndio wateja wakubwa wa gari la kukodi, kwa sababu wao huamua saa ya kuondoka na mahali pa kusimama.

HESABU YA COASTER

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Msomaji aweke bei za wiki yake. Familia nne za Mbeya, kila moja ina wazazi wawili na watoto watatu, mmoja wa kupakatwa. Kila familia inahitaji viti vinne. Ikiwa nauli ya basi ni Sh. 50,000 kwa kiti, kwenda na kurudi ni Sh. 400,000 kwa familia, yaani Sh. 1,600,000 kwa familia zote nne.

Sasa tuje kwa mwenye Coaster. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,660. Tuongeze mizunguko ya huko pwani, zifike 1,800. Gari likienda kilomita sita kwa lita, linakunywa lita 300. Dizeli ikiwa Sh. 3,000 kwa lita, hiyo ni Sh. 900,000. Posho ya madereva wawili kwa siku tano, kila mmoja Sh. 30,000 kwa siku, ni Sh. 300,000. Maegesho, vibali na dharura tuseme Sh. 200,000. Jumla ni Sh. 1,400,000.

Mwenye gari akitoza sawa na basi anabaki na Sh. 200,000 kwa siku tano, kabla ya matairi, sevisi na rejesho la mkopo. Hiyo si biashara. Akitoza Sh. 2,200,000, kila familia inalipa Sh. 150,000 zaidi ya basi, na yeye anabaki na Sh. 800,000.

Je, familia itakubali? Nyingi hukubali, kwa sababu basi linawashusha Mbezi, na kutoka hapo kwenda Kigamboni au Bagamoyo na watoto, mabegi na ndoo ya vitafunwa ni teksi au bajaji mbili, kisha tena kila siku ya matembezi. Gari linalobaki na familia siku zote tano ndilo wanalolilipia.

Kwa msafara wa Iringa, tukiongeza kilomita zilezile 140 za mizunguko, safari nzima ni kilomita 1,140, yaani lita 190. Mafuta yanapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana Coaster moja ya Iringa inaweza kupata faida kwa bei ambayo ya Mbeya ingepata hasara.

MIEZI MIWILI KATI YA KUMI NA MIWILI

Hapa ndipo mikopo inapoua. Tuseme Coaster inapata safari tano likizo ya katikati ya mwaka na nne mwezi Desemba. Safari tisa kwa Sh. 800,000 ni Sh. 7,200,000 kwa mwaka mzima. Rejesho la benki halina likizo. Linadaiwa miezi yote kumi na miwili.

Tena Juni na Desemba hazilingani. Juni na Julai mahindi na mpunga vimevunwa, na fedha zimeanza kuzunguka Mbarali, Kyela na Mbozi. Desemba mvua zimeshaanza. Mkulima amenunua mbegu na mbolea, na Januari inasubiri mlangoni na ada za shule. Safari za Desemba hutegemea zaidi wenye mishahara, nao huahirisha upesi. Mwenye gari apange mapato yake kwa kuitegemea Juni, na Desemba aihesabu kama nyongeza.

Iko njia moja ya kuziba pengo. Magari yanayobeba wanafunzi husimama wakati uleule familia zinapotaka kusafiri. Mwenye Coaster aliye na mkataba wa shule ana kazi katika muhula na ana gari huru wakati wa likizo. Lakini asidhani karatasi moja inatosha kazi zote mbili. Gari linalobeba abiria kwa malipo linatakiwa kuwa na leseni ya LATRA inayolingana na kazi hiyo, na bima lazima iwe ya gari la biashara. Noah ya nyumbani yenye bima ya matumizi binafsi, ikibeba watoto wa watu kwa malipo na ikapata ajali, mwenyewe anaweza kujikuta peke yake mahakamani.

RELI NI MSHINDANI AU MSHIRIKA?

TAZARA inapita Mbeya na Makambako, haifiki Iringa mjini. Faida yake kwa wenye watoto ni vitanda: chumba cha daraja la kwanza kina vinne na cha daraja la pili sita, na familia ikikata chumba kizima haitenganishwi wanaume na wanawake. Udhaifu wake unajulikana, nao ni ucheleweshaji. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 wa kampuni ya Kichina, CCECC, kuikarabati na kuiendesha reli hiyo. Kazi ya kiasi hicho inaweza kugusa ratiba, hivyo tiketi iulizwe stesheni kabla ya kuwaahidi watoto.

Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, imeleta jambo jipya. Msafara unaweza kuishia Morogoro kwa barabara, kisha watu wakapanda treni. Nauli zilizotangazwa na LATRA mwaka huo ziliwapa watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu nauli, na walio chini ya miaka minne bure. Mwenye Coaster wa Iringa anayeuza safari ya kuishia Morogoro anaokoa mafuta na foleni, ila lazima awe na mwenzake wa kuwapokea Dar.

BAGAMOYO BILA KUINGIA DAR

Wengi hawajui kwamba Chalinze unaweza kukata kaskazini hadi Msata, kisha ukafuata lami ya kilomita 64 hadi Bagamoyo. Mji huo ndio uliokuwa mwisho wa misafara ya karne ya 19 iliyotoka Ujiji na Tabora; leo unapokea misafara ya watoto wenye madoli. Kwa familia inayotaka bahari tu, njia hii huepusha foleni ya jiji.

Wenye nyumba za kulala wageni huko wajue tabia ya mgeni wa Nyanda za Juu. Anakuja na mchele wa Kyela, maharage, viazi na parachichi. Hataki mgahawa mara tatu kwa siku. Anataka jiko, sufuria kubwa, maji ya kutosha na vyumba viwili vinavyofunguka kwa pamoja. Nyumba ya kawaida yenye jiko na uzio inaweza kumvuta kuliko hoteli yenye bwawa.

Anataka pia kuambiwa saa ya maji. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na saa husogea karibu dakika 50 kila siku. Familia iliyosafiri kilomita 800 ikakuta tope na mwani badala ya maji hairudi tena. Mwenyeji anayebandika saa za maji mlangoni hatumii hata shilingi mia.

Jambo la mwisho ni afya. Watoto waliokulia kwenye miinuko ya Mbeya na Iringa hawajazoea malaria kama wenzao wa pwani. Chandarua kizima kwenye kila kitanda ni lazima. Mtoto akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, apimwe malaria mara moja.

USISAHAU MATEMA

Mteja wa Mbeya ana ufukwe mwingine karibu zaidi: Matema, Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, safari ya nusu siku kupitia Tukuyu. Mwenye Coaster wa Mbeya anaweza kwenda na kurudi mwisho mmoja wa juma, bila kusubiri likizo ndefu. Hakuna kupwa na kujaa, ingawa kichocho kiulizwe kwa wenyeji kabla watoto hawajaingia majini.

KWA KIFUPI

Mwenye mtaji wa Iringa anaweza kujaribu Coaster, ikiwa tayari lina kazi ya muhula. Mwenye mtaji wa Mbeya aanze na Matema, na safari ya pwani aifanye kwa oda iliyolipiwa nusu kabla ya gari kuwashwa. Anayetafuta kiwanja cha ufukweni afikirie kwanza njiani: Ruaha Mbuyuni, Mikumi na Chalinze, ambako kila gari lenye watoto husimama kuchimba dawa. Choo safi chenye maji, kivuli, uji wa moto na mahali pa kumbadilisha mtoto nguo vinauzika Juni na Desemba, na vinauzika hata Machi kwa abiria wengine wote. Biashara hiyo haingoji shule zifungwe.