Wewe Ni Nani, Mama Mwenzetu?

Mama mwenzetu, mtu akikuuliza leo, "Wewe unapenda nini?" utamjibuje? Tuliulizana swali hilo hapa Nkololo baada ya mkutano wetu wa akina mama kanisani. Wengi tulitaja wanachopenda baba na watoto. Tulipoambiwa tutaje chetu wenyewe, tukanyamaza. Karibu wote tulikuwa tumevuka miaka arobaini.

Siku hiyo tukasimuliana hadithi fupi mbili, kwa Kiswahili na Kisukuma. Waandishi wake wote wawili walikuwa watu wa hospitali kama baadhi yetu.

Mwenye ng'ombe wengi

Ya kwanza ni ya Grace Ogot wa Kenya (1930–2015), aliyesomea uuguzi Uganda. Imo katika kitabu chake Land Without Thunder cha mwaka 1968. Wanakijiji wanampiga mwizi wa ng'ombe usiku, wanadhani amekufa, wanamfunika kwa majani mabichi na kurudi kulala. Nyagar, mtu mzima mwenye wake, watoto na mifugo mingi, anarudi peke yake gizani akapekue fedha za mwizi huyo. Anajiuliza kwa nini anazitaka, naye hana shida. Hata hivyo anaendelea. Kumbe mwizi hajafa, naye anamuua Nyagar. Asubuhi watu wanafunua majani, wanamkuta jirani yao.

Kwetu Usukumani, ambako wizi wa mifugo ulizaa sungusungu miaka ya 1980, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Mama mmoja alisema, "Alijiuliza swali zuri, ila hakusimama alisikilize jibu."

Asiye na neno lake

Ya pili ni ya Anton Chekhov, daktari wa Urusi, na ilichapishwa mwaka 1899. Olenka anaolewa na mwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza, na maneno yake yote yanakuwa ya michezo. Mume anafariki. Anaolewa na msimamizi wa ghala la mbao. Sasa anazungumza habari za mbao, hata usingizini anaota mbao. Huyo naye anafariki, Olenka anashika mawazo ya daktari wa mifugo. Daktari anapohama, mama huyu anabaki hana wazo lolote. Baadaye anapata mtoto wa kulea, anaanza kurudia masomo ya mtoto. Anamfuata njia ya shuleni hadi mtoto anaona haya.

Tulicheka, kisha kicheko kikakatika. Hatukumlaumu Olenka kwa kupenda; kupenda ni wito wetu. Lakini aliwapa wenzake kila kitu isipokuwa nafsi yake, maana hakuwahi kuitafuta.

Mwenzetu mmoja ndipo alipofungua moyo. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameondoka nyumbani, naye kwa miezi alikosa usingizi, akisikia joto la ghafla na kulia bila sababu. Sisi wauguzi tulimweleza kwamba hedhi inapokaribia kukoma, wanawake wengi hupata hali hizo. Tulimshauri aende kituo cha afya akapimwe presha na kuzungumza na mhudumu.

"Nitakwenda," alisema, "lakini kuna lingine. Nataka kujua kusoma. Miaka yote nasomewa Biblia na wengine." Alipomwambia mumewe, baba alimuuliza, "Kwa umri huu, ili iweje?" Hakuwa na jibu, na siku ile hata sisi hatukuwa nalo.

Alianza hivyo hivyo, jioni baada ya kuosha vyombo, kwa daftari la kurasa chache. Leo anaandika jina lake, na anasoma mstari mfupi kwa kidole. Mumewe hajasema ndiyo wala hapana. Ila juzi kalamu ilipoisha wino, yeye ndiye aliyeleta nyingine kutoka dukani.

Mama mpendwa, hatukuambii uiache nyumba yako ukajitafute mbali. Tenga saa moja tu wiki hii. Jiulize ni kitu gani ulikiweka kando ulipoolewa, au hukupata nafasi ya kukianza. Mwambie mumeo kwa upole, wakati ametulia, kisha anza kidogo. Nyagar alijiuliza akapita. Olenka hakujiuliza kabisa. Wewe bado una nafasi ya kujiuliza na kusubiri jibu.