Mayai Sita na Saa ya Dola 15: Jinsi Shule ya Tuskegee Ilivyojengwa

Katika mwezi wa Juni mwaka 1881 kijana mmoja mwenye umri wa miaka 25 aliwasili katika mji mdogo wa Tuskegee, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Jina lake lilikuwa Booker T. Washington. Alikuwa ameitwa kuwa mkuu wa shule mpya ya kufundishia walimu weusi, naye alitazamia kukuta jengo na vifaa vyote vikimngoja. Alipofika aliona ya kwamba hapakuwa na jengo wala kiwanja. Kilichokuwapo ni ahadi ya Serikali ya jimbo ya kutoa dola 2,000 kila mwaka, na kwa masharti ya sheria fedha hizo zilikuwa za mishahara ya walimu tu. Haikuruhusiwa kutumia hata senti moja kununua ardhi au misumari.

Mtu mwingine angalirudi alikotoka. Lakini Bwana Washington alikuwa ameona taabu kubwa kuliko hiyo. Alizaliwa mtumwa katika shamba moja la Virginia mwaka 1856. Watumwa walipopata uhuru mwaka 1865, yeye alikuwa mtoto tu, akaenda kufanya kazi katika matanuri ya chumvi na baadaye katika machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1872 alisafiri maili kama 500, sehemu yake kwa miguu, kwenda shule ya Hampton. Huko mtihani wake wa kuingia ulikuwa kupewa ufagio na kuambiwa asafishe chumba. Alikifagia mara tatu, akafuta vumbi mara nne, akapokelewa.

AHADI ILIVYOPATIKANA

Yafaa kujua ahadi ile ya dola 2,000 ilivyopatikana, kwa maana haikuanguka kutoka mbinguni. Palikuwa na mzee mmoja mweusi jina lake Lewis Adams, fundi wa mabati, viatu na matandiko ya farasi. Naye alikuwa mtumwa zamani, wala hakupata kukaa darasani, lakini alikuwa amejifunza kusoma na kuandika. Mwaka 1880 Mzungu mmoja aliyetaka kuingia katika baraza la kutunga sheria alimwendea Adams, akamwomba awashawishi watu weusi wa wilaya ya Macon wampigie kura. Adams angaliweza kuomba fedha zake mwenyewe. Yeye aliomba shule. Mzungu yule alichaguliwa, akatimiza ahadi yake, na mwaka 1881 sheria ikapitishwa.

Miaka 20 baadaye, Katiba ya Alabama ya mwaka 1901 iliwanyang'anya watu weusi wengi haki ya kupiga kura. Kura zile zilikwisha, lakini shule waliyoinunua kwa kura hizo ilibaki.

KUTEMBEA KWANZA, KUFUNDISHA BAADAYE

Bwana Washington hakuanza kufundisha mara moja. Muda wa mwezi mmoja alizunguka vijijini, akilala katika vibanda vya wakulima na kula chakula chao. Aliona ya kwamba karibu wote walikuwa katika madeni, kwa kuwa walikopa chakula dukani na kuweka rehani pamba ambayo bado haijavunwa. Pamba ilipandwa mpaka mlangoni pa nyumba, isibaki hata nafasi ya bustani ya mboga, na chakula kilikuwa nyama ya nguruwe yenye mafuta na mkate wa mahindi, tena vyote vya kununua.

Katika nyumba moja alikaa mezani na watu wanne wa nyumba hiyo, wote watano wakawa na uma mmoja tu wa kulia. Na pembeni mwa chumba kilikuwapo kinanda cha dola 60, kilichokuwa kikilipiwa kidogo kidogo kila mwezi. Hapo alitambua ya kwamba kuwafundisha watoto wa watu hawa yaliyomo vitabuni peke yake ni kama kuwapa kinanda kingine. Walihitaji kusoma, naam, lakini pia kujua kulima, kujenga, kupika, na kuhesabu deni kabla ya kutia sahihi.

BANDA LINALOVUJA

Shule ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881, siku kuu ya uhuru wa Marekani, katika kibanda kibovu karibu na kanisa la Wamethodisti weusi. Wanafunzi walikuwa 30, na wengi wao walikuwa tayari walimu katika shule ndogo za vijijini. Paa lilivuja kiasi hiki, kwamba mvua ikinyesha mwanafunzi mmoja aliacha masomo yake akasimama kumshikia mwalimu mwavuli wakati wengine wakisoma.

Baada ya majuma sita alikuja mwalimu wa pili, Bibi Olivia Davidson, ambaye naye alikuwa amesoma Hampton. Mwanamke huyu hatajwi sana, lakini pasipo yeye pengine isingalikuwapo Tuskegee.

Miezi mitatu haijapita vizuri, walisikia ya kwamba shamba moja la zamani, maili moja kutoka mjini, linauzwa. Nyumba kubwa ya mwenye shamba ilikuwa imeungua. Vilivyobaki ni kibanda kilichokuwa chumba cha kulia, jiko la zamani, zizi la farasi na banda la kuku. Bei ilikuwa dola 500, nusu kulipwa kwanza na nusu baada ya mwaka mmoja. Mtunza hazina wa Hampton, Jenerali Marshall, alijibu ya kwamba shule yake haina idhini ya kukopesha fedha, bali atawakopesha kwa mfuko wake mwenyewe. Basi zizi likawa darasa, na banda la kuku likawa darasa.

Ndipo Bwana Washington alipotangaza ya kwamba baada ya masomo ya mchana wanafunzi watafyeka msitu ili wapande chakula. Wengi hawakupendezwa. Wao walikuwa walimu. Walikuja kuukimbia mpini, si kuushika. Wazazi nao walileta barua za kulalamika, wakisema watoto wao wamepelekwa kusoma, wala si kufanya kazi. Mwalimu hakubishana nao. Kila siku alitwaa shoka akatangulia msituni. Walipoona ya kwamba mkuu wa shule haoni haya, wakamfuata, na ekari kama 20 zikafyekwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kule mwalimu ndiye aliyeinama kwanza.

MAYAI SITA

Deni la shamba lilikuwa na tarehe yake. Bibi Davidson alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa weusi na kwa Wazungu, akiomba kuku, mkate au keki ya kuuza katika karamu za kuchangia shule. Watu weusi wa Tuskegee, ambao karibu wote walizaliwa utumwani, walitoa walichonacho: huyu senti tano, yule blanketi, mwingine miwa.

Siku moja aliingia mwanamke mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, akitegemea fimbo, amevaa matambara, lakini matambara masafi. Alisema ya kwamba siku zake bora alizimaliza utumwani, hana fedha, lakini anajua kazi inayofanywa hapo ni nini. Akatoa mayai sita aliyokuwa ameyaweka akiba, akaomba yatumiwe kwa masomo ya vijana. Baadaye Bwana Washington alipokea zawadi za maelfu ya dola, lakini aliandika ya kwamba hakuna iliyomgusa moyo kama mayai yale.

TANURI LA NNE

Shule ilipohitaji majengo makubwa, yalitakiwa matofali, na mjini hapakuwa na mtu aliyeyafyatua. Bwana Washington aliamua wanafunzi wayafyatue wenyewe, ingawa yeye hakujua kazi hiyo. Walisimama matopeni mpaka magotini. Kazi ilichukiza hata wengine wakaiacha shule kabisa. Walipanga matofali 25,000 katika tanuri la kwanza. Hayakuiva, yakawa hasara. Tanuri la pili likaharibika. Katika la tatu walikesha usiku na mchana wakichochea moto karibu juma zima, na mwishoni, usiku wa manane, likaporomoka.

Sasa hapakuwa na dola hata moja ya kujaribu tena, na walimu wengi walimsihi aache. Bwana Washington alikuwa na saa yake. Aliichukua mpaka mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi akawakusanya wanafunzi waliokwisha kufa moyo, wakawasha tanuri la nne. Hilo likaiva. Siku za kuikomboa saa zilipita kabla hajapata fedha, akaipoteza, wala hakujuta.

Jambo lililofuata halikutarajiwa na wengi. Wazungu wa jirani, ambao baadhi yao waliichukia shule ya watu weusi, walianza kuja kununua matofali, kwa sababu yalikuwa mazuri na hayakupatikana penginepo. Kwa ajili ya tofali watu waliokwepana walianza kusalimiana.

FEDHA ZA WAFADHILI

Jengo kubwa la kwanza lilikadiriwa kuwa dola 6,000, na likapewa jina la Bwana Porter wa Brooklyn, aliyetoa fungu kubwa. Bibi Davidson na Bwana Washington walisafiri kaskazini mwaka baada ya mwaka wakibisha hodi kwa matajiri. Tajiri wa reli, Collis Huntington, mara ya kwanza alitoa dola mbili tu. Hawakumlaumu, waliendelea kumwonyesha kazi yao, na mwishowe alitoa dola 50,000. Andrew Carnegie alitoa dola 20,000 za maktaba, na matofali ya maktaba hiyo yalifyatuliwa na wanafunzi. Bibi Davidson, ambaye aliolewa na Bwana Washington, alifariki mwaka 1889, nguvu zake zikiwa zimekwisha kwa kazi hiyo.

Mnamo mwaka 1901 shule ilikuwa na ekari 2,300 na majengo 66, na yote isipokuwa manne yalijengwa karibu kabisa kwa mikono ya wanafunzi.

Elimu haikufungiwa ndani ya ua. Mwaka 1892 wakulima kama 75 walialikwa kuja kuzungumza juu ya madeni na mashamba yao, walikuja 400. Mwaka 1896 alikuja mtaalamu wa kilimo, Bwana George Washington Carver, aliyewafundisha ya kwamba shamba lililochoshwa na pamba hupata nguvu likipandwa kunde na karanga. Na mwaka 1906 gari la kukokotwa na wanyama, lililojaa majembe na mbegu, lilianza kuzunguka vijijini ili asiyeweza kuifuata shule afuatwe na shule.

WALIOPINGA

Si wote waliokubali. Mwaka 1903 mwanachuoni mweusi W. E. B. Du Bois aliandika ya kwamba watu weusi wanahitaji pia elimu ya juu na haki ya kura, na ya kwamba kusifu mno kazi za mikono kutawafurahisha wale wasiotaka watu weusi wapande juu. Neno hilo lilikuwa na uzito. Hata Kenya lilisikika kwa namna yake. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924, akiwamo Dakta Aggrey wa Gold Coast, ilisifu elimu ya namna ya Tuskegee na Hampton, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete kwa msaada wa fedha za Carnegie. Wazazi wengi wa Kiafrika waliuliza kwa haki: Je, mtoto wetu anafundishwa jembe ili apate kuendelea, ama ili asiendelee? Jembe ni lile lile. Shauri ni la nani aliyelichagua.

HESABU YA LOACHAPOKA

Mwaka 1912 tajiri wa Chicago, Julius Rosenwald, aliipa Tuskegee dola 25,000. Bwana Washington alimwomba ruhusa atumie sehemu ya fedha hizo kujenga shule ndogo za vijijini, kwa sharti kwamba wanakijiji watoe kwanza. Shule ya kwanza, Loachapoka, ilimalizika mwaka 1913. Gharama yake ilikuwa dola 942 na senti 50. Watu weusi wa hapo walitoa kiwanja cha dola 150 na kazi ya mikono ya dola 132 na senti 50. Wazungu wa jirani walitoa dola 360. Rosenwald akatoa dola 300. Bwana Washington alifariki mwaka 1915, lakini hesabu ile ilirudiwa kijiji kwa kijiji, na kufika mwaka 1932 shule karibu 5,000 zilikuwa zimejengwa.

Wakenya waliochanga mbuzi, mawe na shilingi kwa ajili ya shule za harambee baada ya mwaka 1963 hawatashangazwa na hesabu hiyo. Mkono mtupu haulambwi. Mfadhili mwenye akili huuliza wenyeji wametoa nini, na wenyeji wenye akili huwa na jibu kabla hajauliza. Jibu la Tuskegee lilikuwa mayai sita, saa moja, na matanuri matatu yaliyoharibika.