Kupiga Picha ya Chakula kwa Gharama Ndogo

Mama yangu huuza pilau kwa watu waagizao baada ya kuiona picha katika simu. Picha zangu za kwanza zilimpotezea wateja, maana pilau ilionekana kama udongo! Nalikuwa nikipiga usiku chini ya balbu yenye mwanga wa manjano.

Sasa naweka sahani mchana karibu na dirisha lisiloingiza jua kali, baada ya kuzima taa zote. Mwanga ukitoka ubavuni, kila punje hupata kivuli chake kidogo, na umbo lake huonekana. Upande wenye giza nasimamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwanga. Ni hiyo tu niliyoinunua. Kioo cha kamera nakifuta kwanza, kwani mikono ya jikoni haikosi mafuta.

Pilau naipiga kutoka juu. Mkate wa kumimina, kwa kuwa una kimo, kutoka ubavuni. Wapo wapakao chakula mafuta ili king'ae. Mimi sikubali, kwani mteja ataka kupata kile alichokiona. Tena sahani ile huliwa na wadogo zangu, nao hunisubiri mlangoni wakiwa wamekwisha nawa mikono.