Kuonja Kahawa ya Umatengo

Mama wa pwani ya Ziwa Nyasa, huko Liuli au Mbamba Bay, akienda kununua usipa mkavu haridhiki kuutazama tu. Hushika konzi moja, huinusa, humvunja samaki mmoja akamtafuna, ndipo afungue pindo la kanga na kutoa fedha. Vivyo hivyo bibi apikaye togwa huionja kwa ncha ya kijiko asubuhi na jioni, akajua saa ipi imefaa kunywewa na watoto na saa ipi imekwisha kuwa kali. Watu hawa hawakufundishwa shuleni kuonja, lakini ndimi zao ni hodari, wala hakuna mchuuzi awezaye kuwadanganya.

Basi ni ajabu kwamba kahawa, zao la fedha lililo kubwa katika milima ya Umatengo, hulimwa, huchumwa, huoshwa, hukaushwa na kuuzwa na watu ambao wengi wao hawaijui ladha yake. Hulima kahawa, hunywa chai. Ukimwuliza mkulima wa Litembo kama kahawa yake ya mwaka huu ni nzuri, atakujibu kuwa ni nyingi au ni chache, ni nzito katika mizani au ni nyepesi. Hayo ni majibu mema, lakini si jibu la swali uliloliuliza.

Jambo hili lina gharama yake, kwa sababu bei ya kahawa haikatwi kwa macho peke yake. Baada ya kukobolewa na kuchambuliwa kwa ukubwa wa punje, sehemu ndogo ya kila fungu hupelekwa kwa waonjaji. Kwa miaka mingi kahawa ya Mbinga imesafiri hata mji wa Moshi, chini ya Kilimanjaro, ikaonjwa huko na kupewa daraja kabla ya kuingia mnadani. Mwonjaji haoni shamba, hajui jina la mkulima, wala hajui kama alivuna juani au mvuani. Ana vikombe mbele yake na kijiko mkononi. Hata hivyo ulimi wake humwambia mengi katika mambo yaliyotendeka nyumbani kwa mkulima, na mkulima asiyejua kuonja hana la kumjibu.

Wamatengo si watu wa kazi ya ovyo. Kilimo chao cha ngolo, yaani vile vishimo vilivyopangwa mlimani kama sega la nyuki, ambavyo huzuia maji ya mvua na kuozesha majani yakawa mbolea, kimewaleta wataalamu wa nchi za mbali kuja kukitazama. Kahawa iliingia katika milima hiyo katika miaka ya 1920, nayo ikapapenda. Pwani ya ziwa iko chini, katika kimo kisichofika mita 500 juu ya bahari, penye joto. Bali milima ya Umatengo hupanda kupita mita 1,500, na usiku huwa na baridi kali. Katika baridi hiyo tunda la kahawa huiva polepole, na punje hupata nafasi ya kukaza na kukusanya utamu. Ndiyo maana utaona mihogo na mpunga huku Mbamba Bay, na mibuni huko juu, ijapokuwa mji wa Mbinga na pwani vimeachana kwa kilomita sitini na kitu tu.

Sasa nitasema kidogo habari za tumbaku, maana itatusaidia kuifahamu kahawa. Chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo kiliandikishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuuza tumbaku, na jina lake liliwaunganisha jirani wawili. Tumbaku ya Songea na Namtumbo ni ile ya moshi: majani hutundikwa katika bani, na chini yake huwashwa moto mdogo wa kuni, hata moshi ukayapenya na kuyatia weusi. Tumbaku ya namna hii hutumiwa duniani katika viko na ugoro, na pia katika sigara nene za majani matupu, kama ile ya Italia iitwayo Toscano. Wavutaji wa sigara hizo wana lugha yao. Husema hii ni nyepesi, hii ni nzito, hii ni ya kati, nao hawataji uzito wa mizani, bali jinsi moshi unavyokaa mdomoni. Simsifii mtu tumbaku, kwa kuwa madhara yake yajulikana. Lakini lugha ile ya nyepesi, ya kati na nzito ndiyo hiyo hiyo waitumiayo waonjaji wa kahawa.

Ila hapa pana tofauti moja kubwa, nayo yafaa kukumbukwa na kila nyumba ya Umatengo. Moshi ndio thamani ya tumbaku ya Ungoni, na moshi huo huo ndio uharibifu wa kahawa. Punje ya kahawa hunywa harufu kama kitambaa kinywavyo maji. Iweke darini juu ya jiko kwa majuma mawili, nayo itanuka jiko. Ipakie katika gari moja na magunia ya usipa, nayo itanuka usipa hata baada ya kukaangwa. Mkulima ataona punje zake safi, nyeupe, kavu, na atashangaa kuambiwa kuwa zimeshuka daraja.

Mwonjaji hutafuta nini katika kikombe? Kwanza hutafuta harufu, mara mbili: ya unga mkavu, kisha ya unga uliomwagiwa maji. Pili hutafuta uchachu. Neno hili huwatisha watu, maana kwetu kitu kilichochacha kimeharibika. Lakini uchachu wa kahawa njema ni kama wa chungwa lililoiva, ambao huuchangamsha ulimi na kupita; si uchachu wa uji uliolala. Wanunuzi huisifu kahawa ya milima ya kusini hasa kwa sifa hii. Tatu ni utamu, ambao hautoki katika sukari ya dukani bali katika tunda lililoiva. Nne ni ule uzito niliokwisha kuutaja. Maji ni mepesi mdomoni, maziwa ni mazito, na kahawa ya Mbinga iliyotengenezwa vema mara nyingi huwa katikati: haikimbii ulimi kama maji, wala haiulemei. Mwisho ni ladha ibakiayo baada ya kumeza. Kahawa njema huacha utamu. Mbaya huacha ukavu kama wa ganda la ndizi mbichi.

Kuonja si kazi ya Moshi tu. Yaweza kufanywa jikoni kwako. Twaa kahawa ya maganda konzi chache, uitwange polepole katika kinu mpaka maganda yaachane na punje, kisha uipepete kwa ungo. Ikaange katika chungu au kikaango safi kisichonuka vitunguu, juu ya moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha. Punje zitageuka manjano, kisha kahawia, kisha zitaanza kualika kama bisi. Zikimaliza kualika mara ya kwanza, ziepue upesi na kuzipoza kwa kupepea. Usizikaange mpaka ziwe nyeusi. Watu wa miji ya pwani ya bahari huipenda kahawa chungu, nyeusi, pengine yenye tangawizi, pamoja na kashata, nayo ni kinywaji kizuri cha barazani. Lakini uchungu wa moto na ukali wa tangawizi hufunika kila kosa, nasi hapa twatafuta makosa.

Siku ya pili, twanga punje hizo ziwe chenga, si laini kama unga wa sembe. Twaa vikombe vitatu vilivyo sawa. Waonjaji hutumia gramu 8 na robo kwa maji mililita 150. Asiye na mizani atie kijiko kikubwa kimoja na nusu katika kikombe kidogo cha chai. Chemsha maji, uyaache yatulie kitambo kidogo, kisha umimine. Ngoja dakika 4. Juu patafanya utando wa chenga. Uvunje kwa mgongo wa kijiko huku pua yako ikiwa karibu, maana harufu hutoka kwa nguvu wakati ule. Ondoa povu, ngoja ipoe kidogo, kisha chota kwa kijiko na uivute mdomoni kwa kishindo. Ndiyo, kwa kishindo, hata kama mama mkwe yupo; kuvuta huko huitawanya kahawa katika ulimi wote na kuipandisha harufu puani. Waonjaji hutema baada ya kuonja, kwa sababu wana vikombe vingi vya kupitia.

Katika kikombe cha kwanza tia kahawa iliyochumwa nyekundu tupu na kukaushwa juu ya kichanja. Katika cha pili tia iliyochanganywa na matunda ya kijani. Katika cha tatu, iliyoanikwa chini juu ya udongo, au iliyokaa karibu na moto. Mtu hahitaji kuwa mwanachuoni kuvitofautisha. Cha pili kitakuwa na ladha ya majani na ukakasi. Cha tatu kitanuka vumbi, au ukungu, au moshi.

Kosa lililo gumu kulijua ni la kuvundika. Kahawa ikisha kumenywa hubaki na ute, nao huachwa ulegee kwa muda wa siku moja hadi mbili, kwa kadiri ya baridi ya mahali, kisha huoshwa. Ukiiosha mapema, ute uliobaki huharibika katika punje. Ukichelewa, hupata ladha ya siki na kitunguu kibovu. Jirani wa bondeni na jirani wa mlimani hawawezi kufuata saa moja. Hufaa kuzisugua punje mkononi: zikikwaruza kama changarawe, saa ya kuosha imefika. Na wakati wa kukausha, ziandamwe mpaka unyevu ubaki kama sehemu 11 au 12 katika mia, zikifunikwa usiku na wakati wa jua kali la adhuhuri.

Pana sababu moja ambayo huwafanya watu wayapuuze yote haya, nayo ni njaa ya miezi ya masika. Mtu akikosa fedha huuza kahawa yake ingali mtini, kwa bei ndogo mno. Biashara hiyo huko Mbinga huitwa magoma. Aliyekwisha kuuza hivyo hana haja ya kungoja wekundu wa tunda, wala kupanga vichanja, kwa maana faida ya ulimi wa mwonjaji haitamfikia yeye. Mnunuzi naye huchanganya mazao ya watu thelathini katika gunia moja. Hivyo kahawa njema ya mjane mmoja hupotea ndani ya kahawa mbovu ya wengine, na mjane hatajua kamwe kwamba yake ilikuwa njema.

Mwenye kuipeleka kahawa yake chamani, na aweke akiba ya kilo moja ya maganda katika chupa kavu yenye kifuniko, mbali na jiko, na karatasi iliyoandikwa siku ya kuchuma, saa za kuvundika na siku za kukausha. Daraja ikirudi kutoka kwa waonjaji, aikaange hiyo na kuionja, ya moto kwanza, kisha vuguvugu, kisha iliyopoa kabisa, kwa kuwa makosa yaliyojificha katika joto hujitokeza kikombe kikipoa.